Simba Anayewinda Hana Hasira

Tangu programu za akili mnemba zianze kutengeneza picha kwa sekunde chache, mitandao imefurika simba. Simba yuko hewani, kinywa wazi, meno nje, makucha yametanda, na mbele yake pundamilia au swala aliyetoa macho ya hofu. Kila unywele wa shungi lake unahesabika, kila punje ya vumbi inang'aa. Chini ya picha maoni ni yale yale: mchoraji wa wanyamapori kazi yake imekwisha, maana nani atakaa wiki sita na brashi ilhali mashine inamaliza kabla chai haijapoa? Naelewa kwa nini watu wanasema hivyo. Wanatazama wingi wa nywele, na kwa nywele mashine kweli imeshinda.

Lakini nywele hazijawahi kuwa ndiyo kazi yenyewe. Hoja yangu ni kwamba picha hizi zinarudia uongo ambao wachoraji wenyewe, tena wakubwa, waliuchora kwa karne nyingi kabla ya kompyuta kuwapo: kwamba kuwinda ni hasira, na kwamba mwindaji daima hushinda. Mashine imerithi kazi ya mchoraji ambaye hakumtazama mnyama. Kazi ya yule aliyemtazama bado ipo, na wengi wetu hatujajifunza kuitambua.

Tuanze na uso. Mtazame paka anayemvizia njiwa. Mwili umeshuka hadi tumbo linakaribia kugusa ardhi, mifupa ya mabega imechomoza juu ya mgongo, masikio yameelekea mbele, kinywa kimefungwa. Kinachotikisika ni ncha ya mkia tu. Kisha mtazame paka huyo huyo akibanwa kwenye kona na mbwa: masikio yamelala nyuma, mgongo umepinda, manyoya yamesimama, amekenua meno yote na anafoka. Hizo ni hali mbili tofauti, na wachunguzi wa tabia za wanyama walizitenganisha zamani. Hata ndani ya ubongo zinaendeshwa na njia tofauti. Moja ni ya kutafuta chakula, nyingine ni ya ugomvi. Simba ni wa jamii hiyo hiyo. Anapomnyemelea nyumbu hana ugomvi naye wowote, na uso wake ni wa kiumbe aliyezama katika kazi. Ngurumo ni ya kutangaza milki na kuitana na wenzake. Akinguruma wakati wa kuwinda atalala njaa. Wahenga walisema simba mwenda kimya ndiye mla nyama, na waliosema hivyo bila shaka walikuwa wamemtazama simba kwa makini kuliko wengi wanaomchora leo.

Niliiomba programu mojawapo inichoree simba jike akimnyemelea pundamilia, kinywa kimefungwa. Nilijaribu mara tatu. Mara zote tatu ilinipa dume mwenye shungi, na mara zote tatu alikuwa amekenua. Sababu haina muujiza. Programu hujifunza kutokana na lundo la picha ambazo watu wameshazipandisha mtandaoni, na wapiga picha na wachoraji wamekuwa wakihifadhi kinywa kilicho wazi na kukitupa kilichofungwa. Nyingi ya zile picha za “simba mkali” ni za simba anayepiga miayo baada ya usingizi wa mchana. Majike, ambao katika mbuga za wazi ndio hubeba sehemu kubwa ya uwindaji wa kundi, hawana shungi la kupendeza kwenye fremu, kwa hiyo wanachorwa wakilamba watoto.

Hasira hiyo ilitoka wapi? Haikuwapo mwanzoni. Katika pango la Chauvet, kusini mwa Ufaransa, lililogunduliwa mwaka 1994, kuna ukuta wenye simba wanaoelekea walipo baisani, wanyama wakubwa wa jamii ya ng'ombe, na umri wa michoro hiyo unakadiriwa kuwa zaidi ya miaka 30,000. Aliyechora aliukwangua ukuta kwanza ili mkaa ukae juu ya weupe. Vichwa vya simba vimepangwa ubavu kwa ubavu, kimoja kikichungulia nyuma ya kingine, shingo zimenyooshwa, macho yote yanatazama upande mmoja. Hakuna damu wala mnyama aliyeangushwa. Kilichochorwa ni umakini wenyewe, na mtu aliyeuchora alikuwa akiishi karibu na simba kiasi cha kujua kwamba hapo ndipo penye hatari.

Sasa ruka hadi karne ya 7 kabla ya Kristo, kwenye nakshi za mawe za jumba la mfalme Ashurbanipal wa Ashuru huko Ninawi, katika Iraki ya leo, ambazo leo ziko British Museum mjini London. Simba wanafunguliwa kutoka vizimbani ili mfalme awaue. Miongoni mwao kuna jike aliyejaa mishale, miguu ya nyuma imepooza, anajikokota kwa ya mbele huku akiinua kichwa. Sijui mchongo wa mnyama unaoumiza kuliko huo, na aliyeuchonga alimjua simba kwa undani. Lakini kazi yake ilikuwa kumtukuza mfalme, na adui mnyonge hampi mfalme sifa. Hapo simba alipewa kazi mpya: kuwa kipimo cha nguvu za anayemshinda. Warumi waliirithi kazi hiyo katika sanamu zao za simba aliyemrukia farasi, na Ulaya ikairithi kwa Warumi. Mwingereza George Stubbs, aliyekaa takribani miezi 18 akichuna na kuchora mizoga ya farasi hadi akachapisha kitabu chake cha maumbile ya farasi mwaka 1766, alichora mara nyingi simba akimshambulia farasi. Kuna hadithi kwamba aliliona tukio hilo kwa macho yake kwenye pwani ya Afrika Kaskazini. Wanahistoria wengi hawaiamini. Wanaelekeza kidole kwenye sanamu ya kale iliyoko Rome, mji aliouzuru mwaka 1754. Farasi wake ni wa kweli hadi kwenye mshipa. Simba wake anatoka kwenye marumaru.

Mambo haya yana vipimo. Mwaka 2012 watafiti wa Hungaria walichapisha uchunguzi wa jinsi wasanii walivyoonyesha miguu ya wanyama wa miguu minne wakitembea. Wachoraji wa mapangoni walikosea katika takribani asilimia 46 ya michoro. Wasanii waliokuja baadaye, kabla ya Eadweard Muybridge kupiga picha zake za mwendo miaka ya 1870 na 1880, walikosea asilimia 83.5. Baada ya Muybridge makosa yalishuka hadi asilimia 57.9, bado juu ya watu wa mapangoni, waliokuwa na mkaa na taa ya mafuta ya mnyama. Mtu ambaye maisha yake yanategemea kuzijua hatua za mnyama anazichora vizuri kuliko mtu anayezijua kupitia picha ya mwenzake. Programu ya leo iko mwisho kabisa wa mnyororo huo: inajifunza kwa picha za picha.

Uongo wa pili unamhusu windo, na huu naona ni mzito zaidi. Katika picha nyingi windo ni nyama ambayo haijafika tumboni. Limepewa nusu ya turubai na robo ya mawazo. Utaligundua hilo kwenye jicho. Mtazame mbuzi: mboni yake ni mstari wa mlalo, kama ilivyo kwa wanyama wengi wala majani, na mstari huo unampa upeo mpana wa ardhi yote inayomzunguka. Anapoinamisha kichwa kula, jicho linazunguka ndani ya tundu lake ili mstari ubaki sambamba na ardhi. Yaani hata akila anaendelea kulinda. Nimeona picha zinazosifiwa sana ambamo mnyama ameinama majini na mboni imepinda pamoja na kichwa, kama fremu iliyoning'inizwa vibaya. Mchoraji wa hivyo alifanyia kazi mnyama aliyekaushwa, au picha aliyoizungusha mezani. Wengine humpa swala jicho la binadamu kabisa, la duara lenye weupe pembeni, kwa sababu hofu tunayoijua ni ya kwetu.

Na hofu hiyo haina haki ya kutawala kila turubai, maana windo hushinda mara nyingi kuliko linavyoshindwa. Tafiti nyingi zinaweka mafanikio ya simba kati ya robo na theluthi ya majaribio, na akiwa peke yake mara nyingi huwa chini ya hapo. Swala tomi akimwona mbwa mwitu hurukaruka juu kwa miguu minne iliyokakamaa, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1988 kutoka Serengeti ulionyesha kwamba mbwa mwitu huwaacha wanaoruka kwa bidii wakawafuata wanaoruka kwa uvivu. Kwa hiyo ule mruko ni ujumbe: nina pumzi, usijisumbue. Mazungumzo ya namna hiyo yamejaa porini kila siku. Kwenye kuta za nyumba zetu karibu hayapo.

Kuna mchoraji mmoja aliyeyaelewa haya kwa njia ambayo hadi leo inanishangaza. Mmarekani Abbott Thayer alikuwa mchoraji wa picha za watu na malaika, na mwaka 1896 alichapisha maelezo ya kwa nini wanyama wengi wana mgongo mweusi na tumbo jeupe. Kila mwanafunzi wa uchoraji anajua jinsi ya kulifanya duara lionekane tufe: mwanga juu, kivuli chini. Thayer aliona kwamba ngozi ya swala inafanya kinyume chake. Juu, panapopigwa na jua, pana rangi nzito. Chini, panapoangukiwa na kivuli, pana weupe. Mwanga na rangi vinafutana, umbo linalala, na mnyama aliyesimama wima mbele yako anakuwa kama doa la ardhi. Ilihitaji mchoraji kuliona hilo, kwa sababu mchoraji ndiye aliyetumia maisha yake kufanya kazi iliyo kinyume. Baadaye Thayer alivuka mpaka. Alidai karibu kila rangi ya mnyama ni ya kujificha, hata uwekundu wa flamingo, ambao alisema unampotezea mnyama huyo umbo lake katika anga la machweo, na Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alimshambulia vikali kwa maandishi. Roosevelt alikuwa na haki juu ya flamingo. Juu ya tumbo jeupe Thayer ndiye aliyekuwa sahihi, na kanuni yake bado inafundishwa.

Tafakari maana yake kwa mtu mwenye brashi. Mwili wa windo umeumbwa usionekane. Mwili wa mwindaji pia: madoa ya chui, rangi ya nyasi kavu ya simba jike. Picha nayo imeumbwa ili ionekane. Kila mchoraji wa wanyama anafanya kazi ndani ya mgongano huo, na njia rahisi ni kuukimbia: kumtenga mnyama na majani, kumzungushia mwanga, kumchonga kama sanamu. Msweden Bruno Liljefors hakuukimbia. Aliyekuwa mwindaji mwenyewe, aliyefuga wanyama ili awachunguze, alimchora mwaka 1884 kipanga akiwaangukia ndege wa jamii ya kwale katika theluji, na miaka mingi iliyofuata alichora sungura, mbweha na tai ambao rangi zao zinaungana na mahali walipo. Picha zake nyingi zinamtaka mtazamaji afanye kazi ya mwindaji: atafute. Ukimpata mnyama, unashtuka kidogo, na mshtuko huo una ukweli mwingi kuliko lita nzima ya damu iliyochorwa.

Nikifika kwenye damu, wapo wanaosema picha za windo na mwindaji ziachwe kabisa, kwamba ni ukatili unaopambwa. Nawaheshimu, kwa sababu kweli ziko picha zinazofurahia maumivu. Wengine wanajibu kwamba pori ni katili na msanii asifiche. Pande zote mbili zinakubaliana bila kujua kwamba kiini cha jambo ni mauaji. Lakini simba akimshika nyumbu mara nyingi humbana koo au mdomo hadi pumzi iishe, na kinachoonekana ni wanyama wawili waliotulia kwa dakika kadhaa, karibu kama wamekumbatiana, huku damu ikiwa kidogo. Michirizi myekundu inayorushwa kwenye turubai ni ya mchoraji. Anayetaka ukweli wa kifo atalazimika kuuchora ukimya, na huo ni mgumu kuliko wekundu.

Hoja ninayoiona nzito zaidi dhidi yangu ni kazi ya mchoraji Mfaransa Henri Rousseau. Hakuwahi kutoka Ufaransa. Mwaka 1905 alionyesha mjini Paris turubai kubwa ya simba mwenye njaa akimng'ata swala, na wanyama hao aliwachota kwenye onyesho la wanyama waliokaushwa katika makumbusho ya historia ya asili ya mji huo. Msitu wake haupo popote duniani. Hata hivyo picha hiyo inaishi, na chuimilia wake wa mwaka 1891 anayechutama katika dhoruba ananiingia moyoni kila nimwonapo. Wachoraji wa mtindo wa Tingatinga wa Tanzania nao hawajawahi kuomba ruhusa ya mifupa ili wampinde chui wapendavyo. Je, ukweli wa mnyama basi si sharti? Nakubali kwamba si sharti la sanaa yote. Rousseau anachora ndoto na hakufichi; kila jani lake linasema hivyo. Ninachokipinga ni picha inayovaa mavazi ya ushahidi, yenye kila unywele na kila punje ya vumbi ili uamini kwamba hivi ndivyo ilivyo, ilhali ndani yake ni nakshi ya Ninawi iliyopakwa rangi upya. Ndoto haidanganyi mtu. Ushahidi wa uongo hudanganya.

Ipo hoja nyingine, na hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote ingawa inasemwa kwa sauti kubwa: kwamba mashine imeona mamilioni ya picha, kwa hiyo inamjua simba kuliko mchoraji aliyemwona mara mbili. Kuona picha milioni za kinywa kilicho wazi ni kuona jambo moja mara milioni. Idadi haiongezi kile ambacho hakuna aliyekihifadhi. Dakika arobaini za kuvizia zisizo na tukio, jaribio lililokwama baada ya hatua kumi, simba jike aliyekaa chini akitazama vumbi la walioponyoka: haya hayamo kwenye lundo kwa sababu wapiga picha waliyafuta na wachoraji hawakuyachora. Mchoraji aliyekaa pale kwa subira na daftari lake ana kitu ambacho hakijapandishwa popote. Kwa upande wa riziki sina faraja ya haraka ya kumpa. Wateja wanaotaka simba anayekenua juu ya kochi watampata bure, na wachoraji walioishi kwa biashara hiyo wanaumia sasa hivi.

Kinachonisumbua zaidi ni yale picha hizi zinatufanyia vichwani. Watu wengi duniani hawatamwona kamwe mwindaji porini. Watakachojua ni kilichochorwa. Mfikirie fisi. Uchunguzi wa Hans Kruuk katika Ngorongoro miaka ya 1960 ulionyesha kwamba fisi wa pale waliua wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, na mara nyingi simba ndiye aliyefika kuwanyang'anya. Zaidi ya nusu karne imepita. Bado kwenye turubai fisi yuko pembeni, amejikunja, anasubiri mabaki ya mfalme, na simba bado ana uso wa shujaa aliyeudhiwa. Mnyama anayechorwa kama mwizi hapati mtetezi anapotegwa sumu, na anayechorwa kama jitu la hasira anatendewa kama jitu la hasira siku anapopita karibu na makazi ya watu. Uso uliokosewa kwenye picha hufika mbali.

Ndiyo maana ningependa wanaofundisha uchoraji na wanaohukumu mashindano waache kuhesabu nywele. Wamuulize mchoraji dakika moja kabla ya picha hii ilikuwaje: upepo ulitoka wapi, nani alimwona nani kwanza, kundi lilikuwa limeelekea upande gani. Aliyemtazama mnyama atajibu bila kufikiri, na majibu hayo huonekana kwenye turubai hata kabla hajafungua mdomo.

Kuna tukio moja ambalo wachunguzi wa swala tomi wameliandika na ambalo sijawahi kuliona limechorwa. Swala wakimgundua duma, mara nyingi hawakimbii. Humsogelea, wakasimama kwa umbali wanaoujua wao, shingo juu, masikio mbele, wakamkazia macho, na akihama nao huhama wakimfuata. Duma aliyekwisha kuonwa hana la kufanya; hunyanyuka akaenda zake. Nalitamani turubai hilo: nyasi fupi, mwanga wa asubuhi usiotia chumvi, duma amegeuza shingo kutazama kwingine kinywa kikiwa kimefungwa, na swala tisa au kumi wamesimama kimya, macho yote kwake.